Kitabu Kilichobaki Kitale

Mama mwenzangu, kama nyumbani kwako kuna mtoto anayeanguka, na daktari amekutajia jina la ugonjwa, na jina hilo limekukwama kooni, keti kidogo usome. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, kule Malakisi, sina maneno makubwa. Lakini kuna jambo nililifanya mwezi wa kumi na mbili ambalo sitaki mwingine alifanye. Sisemi kwenda kwa daktari wa pili. Hiyo si dhambi. Nasema ile namna nilivyokwenda.

Mtoto mwenyewe ni Aaliyah. Wakati huo alikuwa na miaka minane, gredi ya tatu. Tunakaa Kitale, nyumba za kupanga nyuma ya msikiti, milango sita inatazamana, na katikati kuna uwanja wa saruji ambapo mume wangu Hashim huanika mahindi ya tajiri wake. Wakati wa kuvuna uwanja wote unakuwa rangi ya maziwa ya jana. Kutwa unasikia reki ikivuta mahindi, shaa, shaa, mpaka hata ukilala unaisikia.

Kabla ya kuanguka, Aaliyah alikuwa na safari zake. Ndivyo nilivyoziita mimi, safari. Yuko anakunywa uji, kijiko kinasimama hewani. Macho yako wazi, mwenyewe hayupo. Unahesabu mpaka kumi hivi, halafu kijiko kinafika mdomoni kama vile hakuna kitu kimepita. Asubuhi za kwetu zina ukungu, unashuka kutoka mlimani unaingia mpaka jikoni, na mtoto akisimama mlangoni bila kupepesa jicho nilimwona kama ametengenezwa na ukungu uleule. Niseme ukweli, nilikuwa naacha kufua nimtazame. Nilimpenda zaidi akiwa hivyo. Wala sikumwambia mtu. Nani anaenda kwa daktari kusema, mtoto wangu anaota mchana?

Halafu akaanguka. Mara ya kwanza ilikuwa shuleni, mwalimu akasema ni njaa. Mara ya pili nilikuwepo. Alikuwa anavuka uwanja kuniletea leso, akaenda chini katikati ya mahindi, mikono na miguu ikawa inapiga kama mtu anayeogelea. Mahindi yalimpisha. Alipotulia na Hashim akamwinua, pale chini palibaki umbo lake, mabawa mawili na kichwa, na kuku wa jirani wakaja wakaanza kulidonoa. Sijui kwa nini nakumbuka kuku.

Tulimpeleka kliniki moja hapo mjini. Daktari alikuwa msichana, jina lake Vivian, mtu wa Kapsokwony, mwenye sauti ndogo. Alimvalisha kofia ya waya kichwani, mashine ikachora milima kwenye karatasi. Halafu akaniuliza maswali mpaka nikachoka. Alianguka upande gani? Macho yaliangalia wapi? Alijikojolea? Ilichukua dakika ngapi?

“Kuna kitu kingine umeona kwake, mama? Hata kidogo tu?”

Nikasema hakuna.

Akafungua kitabu cha Aaliyah. Si unajua vile vitabu vya shule tunavyonunua langoni mwa hospitali, nyuma viko na hesabu za kuzidisha. Akaandika, akaniangalia. “Hiki ni kifafa, Mama Aaliyah. Kina dawa. Atakunywa tembe moja asubuhi na moja jioni, wala zisikatizwe hata siku moja.” Halafu akaongeza, “Na kama mtataka daktari mwingine amwone, ni haki yenu, mimi sitakasirika. Niambie tu nikuandikie barua uende nayo.”

Nilitingisha kichwa kama mtu aliyeelewa. Ndani nilikuwa najiuliza, daktari gani huyu anayekuelekeza kwa mwenzake kabla hujamaliza kukaa? Kama anajua, anajua. Kama hajui, aseme.

Hapo lazima nikueleze habari ya nyanya yangu, maana kosa langu lilianzia kwake. Kukhu Nanyama alilima tumbaku Malakisi, na mtu akiugua nyumbani alikuwa anampeleka kwa waonaji. Yeye alikuwa na kanuni zake mbili. Ya kwanza, mwonaji haambiwi kitu. Unaketi, unanyamaza, hata mguu unaouma unaufunika. “Ukimtajia ugonjwa umemuuzia,” alikuwa anasema. “Atakurudishia kama mali yake.” Kanuni ya pili, ukitoka kwa mwonaji mmoja kwenda kwa mwingine, dawa ya wa kwanza inaoshwa mtoni kwanza, mwili uende mtupu. Nimekaa kwenye mikeka ya waonaji hao nikiwa mdogo, nimebanwa na kicheko, Kukhu akinifinya paja ninyamaze. Nilipoolewa na Hashim nikawa Sabiha, mambo hayo niliyaacha Malakisi pamoja na harufu ya tumbaku. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Nyumbani, mama mkwe wangu Khairunisa hakulitaka jina hilo hata kulisikia.

“Kwetu hakuna kifafa,” akasema. “Nimezaa saba, nimezika wawili, hakuna hata mmoja alitapatapa kama kuku.”

“Mama, kwani mtu wa kwanza huwa anatoka wapi?” Hashim akamuuliza.

“Usinichezee. Ati msichana amekaa hapo anauliza maswali. Kuuliza hata mimi najua.”

“Basi fungua kliniki hapo mlangoni. Nitakuletea kiti.”

Mama akamrushia ganda la ndizi. Kisha akanigeukia. “Mama Aaliyah, huko Bungoma kuna mzee anaitwa Daktari Wachira. Ndiye alimtibu mtoto wa dada yangu. Mzee ana mvi. Mpeleke mtoto kwa mtu mwenye mvi.”

Nilianza kumpa dawa. Wiki tatu hakuanguka. Ungesema ningefurahi, lakini akili ya mama mwenye woga ni kama maji, inatafuta ufa. Nikaanza kufikiri, kama haanguki, labda hakuwa na kitu. Tena alikuwa mzito, anaitika kama mtu anayetembea ndani ya mto. Na safari zake zilizidi. Saa zingine alisimama mara tano kabla ya kumaliza chai.

Nikawa naota nikiwa macho na mimi. Naketi mlangoni nachambua maharagwe, reki inasema shaa, shaa, nami naliona jina lile limeandikwa kwenye ukuta wa shule, kwenye shuka la kitanda chake, kwenye uso wa kijana atakayekuja kumposa miaka ijayo halafu ageuke arudi. Watu wa kwetu wanaogopa. Mtu akianguka sokoni, wengine wanakimbia, wanasema lile povu linaambukiza. Nikifikiri kwenda Bungoma, naona mzee mwenye mvi anatabasamu, anafuta jina kwa kidole. Nikifikiri tena, namwona analiandika mara ya pili, kwa wino mzito. Niliogopa kwenda na nikaogopa kukaa.

Hashim aliniona. Jioni moja aliweka reki chini akaja akaketi karibu yangu, miguu yote vumbi la mahindi.

“Nenda,” akasema. “Ukikaa na hiyo shaka utakuwa unampa dawa nusunusu. Mimi naona Vivian amesema kweli, lakini mimi si daktari. Ila pitia kwake akuandikie ile barua.”

“Nitapitia.”

“Sabiha.”

“Nimesema nitapitia, bana.”

Sikupitia. Kukhu Nanyama alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja iliyopita, na bado alikuwa amekaa ndani yangu anafinya paja. Nilitaka kumpima huyu mzee wa mvi. Kama ni daktari kweli, atamwangalia mtoto na kuona mwenyewe. Akisema kifafa bila kuambiwa, nitaamini. Akisema kitu kingine, nitamshukuru Mungu. Lakini nikimpa kitabu atasoma tu maneno ya Vivian na kunirudishia. Na dawa nayo itamfunika mtoto, ugonjwa hautaonekana vizuri. Lazima aende mtupu.

Kwa hiyo siku ya Alhamisi nilimpa uji peke yake.

“Mama, umesahau tembe.”

“Leo unapumzika.”

“Daktari ndiye amesema nipumzike?”

“Kunywa uji, Aaliyah.”

Mtoto wa miaka minane aliniangalia, akanywa. Hilo pia nalikumbuka.

Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Nitakwambia kitu kitakachokudanganya na wewe, kama kilivyonidanganya mimi: siku hizo nne alichangamka. Ule uzito ulimtoka. Alicheka, akamfukuza kuku mahindini, akamwimbia bibi yake wimbo wa shule mpaka bibi akacheza mabega. Ilikuwa kama mtu amefuta dirisha. Nikasema moyoni, unaona? Dawa ndiyo ilikuwa ugonjwa. Hashim hakujua, alijua nimempa. Jumapili nilichukua kitabu na chupa ya tembe, nikavifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikavizamisha kwenye pipa la unga.

Jumatatu Hashim alienda Moi’s Bridge kupakia, nasi akatuombea nafasi kwa dereva wa tajiri wake, Kipkosgei, aliyekuwa anapeleka mahindi Bungoma. Kipkosgei alimtazama Aaliyah na kifurushi chetu.

“Hii lori imebeba magunia mia mbili,” akamwambia. “Sasa wewe ndiyo sijui kama itaweza.”

Aaliyah alicheka akapanda mbele. Kiminini ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara, tukaingia ndani yake polepole, taa zimewashwa mchana. Mashamba yaliyovunwa yalipita pande zote mbili, mabua yamesimamishwa kama watu wanaonong’ona. Kamukuywa jua likatoka. Webuye miwa. Mtoto alinilalia begani na pumzi yake ilikuwa na harufu ya uji, na kwa muda ule wote nilikuwa na amani kamili. Namwonea huruma yule mwanamke aliyekuwa ndani ya lori. Ningeweza kumgusa bega ningemwambia, mwambie dereva ageuze.

Kliniki ya Daktari Wachira ilikuwa na kibaraza cha saruji na mabenchi mawili. Kadi yetu ilikuwa ya tisa. Walikuwa wamefika mgonjwa wa sita, saa nne na nusu asubuhi, ndipo Aaliyah akaniambia, “Mama, mdomo wangu.” Hakumaliza. Akateleza kutoka kwenye benchi kama leso.

Nilidhani itapita kama ile ya uwanjani. Ile ya uwanjani ilikuwa fupi, hata mtoto angeihesabu. Hii haikuisha. Watu walisimama. Mwanamke mmoja akatoa kijiko kwenye kikapu, anasema tumtie katikati ya meno. Mzee mwingine alikuwa anavua kiatu ili mtoto anusishwe. Sista akatoka ndani, akamsukuma mwenye kijiko.

“Hakuna kumtia kitu mdomoni. Rudini nyuma, yeye si sinema.” Akamlaza Aaliyah kwa ubavu, akaweka sweta yake chini ya kichwa, akaangalia saa. “Mama, imeanza lini?”

“Sasa hivi.”

“Sasa hivi ni dakika ngapi?”

Sikujua. Wakamwinua wakampeleka ndani. Daktari Wachira alikuwa mfupi, mvi kweli, miwani imefungwa na uzi. Alimchoma sindano mkononi huku anaongea nami bila kunitazama.

“Amewahi kuanguka hivi?”

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka na maneno ya mtu mwingine yakatoka. “Hapana. Ndiyo mara ya kwanza.”

“Anatumia dawa yoyote?”

“Hatumii.”

“Umri wa kutambaa alikuwa na degedege?”

“Hapana.”

Mwili wa Aaliyah ulianza kulegea polepole, lakini hakuamka. Macho yalikuwa nusu wazi, meupe. Daktari alimpima joto, akamkunja shingo mara mbili, akakunja uso.

“Sikiliza, mama. Mtoto mzima, hajawahi kuanguka, hana dawa, halafu anakwenda dakika kumi na mbili na haamki. Hapo mimi lazima nifikirie homa ya uti wa mgongo. Siwezi kungoja. Tutamchoma hapa chini mgongoni tutoe maji kidogo tuyapime. Sista, mgeuze.”

Sista akamgeuza, akamkunja magoti mpaka kidevuni, kama alivyokuwa tumboni mwangu. Akainua nguo. Mgongo wake mdogo ulikuwa na vumbi la mahindi, sijui lilitoka wapi, labda kwenye kiti cha lori. Sista akaufuta na pamba, baridi, na mtoto hakushtuka. Kwenye sinia kulikuwa na sindano ndefu.

Nilimngoja Daktari aone. Nakuapia, hata wakati huo nilikuwa nangoja. Alikuwa ameinama pale, mvi zote zile, na mimi ninasema moyoni, ona basi, si unajua, ona. Chumba kilikuwa kimya na cheupe kama ndani ya ukungu wa Kiminini. Naye alikuwa anahesabu mifupa ya mwanangu kwa kidole gumba, anatafuta mahali pa kuingilia, kwa sababu mimi ndiye nilimwambia atafute huko.

“Ana kifafa,” nikasema.

Kidole kikasimama.

“Amepewa dawa Kitale. Daktari aliandika kwenye kitabu. Mimi nimeacha kumpa.”

Sista alinitazama vile mtu anamtazama mwizi. Daktari yeye alirudisha nguo ya mtoto chini, polepole, akavuta stuli akaketi.

“Tembe ya mwisho alimeza lini?”

“Jumatano jioni.”

“Leo Jumatatu. Nani alikuambia uache?”

“Hakuna.”

“Kitabu kiko wapi?”

“Kwenye pipa la unga.”

Sikujua ningesema nini kingine, kwa hiyo nikamweleza Kukhu Nanyama wote, na mkeka, na paja. Sista alitaka kucheka, akaona uso wa mkubwa wake akaacha.

“Mama,” Daktari akasema, “nyanya yako alikwenda kwa watu waliosema wanaona. Mimi sijawahi kusema naona. Mimi naangalia kile unachoniletea. Umeniletea mkono mtupu, nikaanza kutibu mkono mtupu.” Akasukuma simu kuelekea kwangu. “Piga nyumbani. Nataka jina la dawa na kipimo.”

Simu ilichukuliwa na mama mkwe. Nilimwambia achimbe kwenye unga. Tulimsikia anachimba, anakohoa, anauliza ni mchezo gani huu. Alisoma mpaka darasa la nne na macho yamechoka.

“Nimekiona,” akasema. “Hapa juu kuna jina la mtoto. Halafu kuna lile jina lingine. Hilo silisomi.”

“Lisome tu, mama mzee,” Daktari akasema kwenye simu. “Jina haliumi. Tunalihitaji.”

Nilisikia reki ya kibarua aliyebaki, kwa mbali, nyumbani kwangu, shaa, shaa. Kisha Khairunisa, ambaye kwao hakuna, akalisoma, pole, kama mtu anayevuka maji baridi. Baadaye akasoma na dawa na kipimo, na tarehe, na akaendelea tu kusoma mpaka akafika zile hesabu za kuzidisha za nyuma, Daktari akamwambia inatosha.

“Basi hapo sina haja ya sindano ya mgongo sasa hivi,” akasema akikata simu. “Hana joto, shingo iko sawa, na sababu ya kuanguka tumeipata. Lakini nitamlaza, nitamwangalia. Kitu kikibadilika, tutarudi palepale.”

Aaliyah alilala mpaka kesho yake alasiri. Alipoamka mkono wake wa kulia haukuwa na nguvu, kikombe kilimponyoka. Daktari alisema utarudi. Ulirudi, siku ya pili. Lakini zile saa ambazo haukuwa umerudi sitaki nikuambie zilikuwaje, nitasema tu kwamba nilimlisha kwa kijiko na hakuniuliza chochote kuhusu tembe.

Hashim alikuwa amefika usiku uleule kutoka Moi’s Bridge, na mahindi kwenye nywele. Sista alikuwa amemwambia. Hakunigombeza. Alisema tu, “Kila asubuhi nilikuuliza, amekunywa? Ukasema amekunywa.” Halafu akatoka nje akaketi kibarazani peke yake. Mpaka leo dawa ya asubuhi anatoa yeye. Sijamwomba anirudishie kazi hiyo.

Daktari Wachira alikuja na kitabu kipya, akaketi kitandani kwa mtoto. Sasa nilikuwa nasema kila kitu, hata asichouliza, nikamtajia hata zile safari.

“Safari gani?”

“Anasimama tu. Anaota. Si kitu.”

Daktari akachana kipande cha karatasi akampa Aaliyah. “Puliza hiki kama unapoza chai. Usiache mpaka nikwambie.” Aaliyah akapuliza, na akapuliza, karatasi ikatetemeka, ikatetemeka, halafu ikatulia. Macho yako wazi. Mwenyewe hayupo. Daktari alihesabu kwa sauti ndogo mpaka kumi na moja, na karatasi ikaanza kutetemeka tena.

“Ulikuwa unaota nini?” akamuuliza.

“Sikuota,” Aaliyah akasema. “Ni nyinyi ndio mnaruka.”

“Tunaruka vipi?”

“Mama yuko mlangoni. Halafu yuko jikoni. Hajatembea.” Akatafakari. “Mwalimu anaandika mbili, halafu ubao umejaa. Wenzangu wote wanajua, mimi sijui.”

Daktari alinigeukia. “Hicho nacho ni kifafa, mama. Ni ndugu wa kile cha kuanguka, ila hiki hakina kelele. Daktari wa Kitale alikijua?”

“Aliuliza kama kuna kitu kingine. Nikasema hakuna.”

“Basi alipewa nusu ya mtoto, akaitibu hiyo nusu. Dawa nyingine zinashika cha kuanguka na hiki zinakizidisha. Nitamwandikia barua tubadilishe.”

Nilienda dirishani. Nje watu wa Bungoma walikuwa wanapita na baiskeli, na jua, na kila mtu anatembea kutoka mahali mpaka mahali bila kuruka. Nilifikiri zile asubuhi nilizoacha kufua ili nimtazame mlangoni. Nilimwona mzuri. Yeye alikuwa anapotea na anarudi, anapotea na anarudi, akitukuta sote tumesogea, na mimi nimeshika nguo yenye povu, natabasamu.

Kwa hiyo hiyo ndiyo habari. Daktari wa pili hakulifuta jina. Aliongeza la pili. Na bado nasema nilifanya vizuri kwenda, maana bila kwenda angekuwa anasimama na kijiko hewani mpaka leo. Lakini yale yote ningeyapata kwa barua moja na mdomo uliofunguliwa, bila dakika zile kumi na mbili. Tuliporudi kwa Vivian nilimwambia yote, nikingoja anifukuze. Alisoma barua ya mzee mara mbili. “Zile safari ndizo nilikuwa natafuta nilipokuuliza,” akasema, akafungua ukurasa mpya, akaniambia nianze mwanzo.

Ukiwa na shaka, nenda. Mwambie wa kwanza kwamba unaenda, chukua barua, beba kitabu, beba na chupa yenyewe ya dawa, na mtoto aende amekunywa. Sema hata unachoona si kitu. Usimpime daktari kwa mwili wa mtoto wako.

Mwezi wa kwanza shule zilipofunguliwa nilienda gredi ya nne. Mwalimu wake, Bi Chepkemei, aliniruhusu kusimama mbele. Nilitaja jina lile mbele ya watoto arobaini na sita. Nikawaambia, akianguka mlazeni kwa ubavu, sogezeni madawati, msimtie kitu mdomoni, mmoja amwite mwalimu, mmoja aangalie saa ya ukutani. Kifafa hakiambukizi. Na msikimbie. Na akinyamaza ghafla macho yako wazi, hajawadharau.

Mvulana wa nyuma, Kiptum, akainua mkono. “Sasa akirudi tumwambie nini?”

Hilo hakuna daktari aliyenifundisha. Nikamtazama Aaliyah, aliyekuwa amekaa dirishani na penseli mkononi, naye akafikiri kidogo.

“Mniambie tu,” akasema, “mmefika wapi.”